Wiki ya Sinema na Chupa za Kaaria

Mwezi uliopita walimzika Japhet Kaaria, huko juu ya Nkubu, na mimi nilikuwepo. Nilikaa chini ya hema la kukodi, mke wangu Wanja kulia kwangu, nikasikiliza watu wakimsifu kutoka asubuhi mpaka jua likawa utosini. Alisema mchungaji, akasema mwalimu mkuu mstaafu, akasema mheshimiwa fulani aliyefika amechelewa na kupewa maikrofoni kabla hajatafutiwa mahali pa kukaa. Yote nilivumilia, kwa sababu kwenye matanga kila maiti huwa alikuwa mtu mzuri. Halafu yule kijana aliyekuwa anaongoza shughuli, mwenye sauti ya redio, akasema, "Na tusisahau, mzee wetu ndiye aliyeleta sinema Meru. Ile wiki ya filamu. Wale waliokuwa vijana wakati huo wananielewa." Watu wakacheka kile kicheko cha kukumbuka raha, wengine wakapiga makofi. Mimi nikasimama. Wanja akanivuta koti. "Keti, Baba Makena," akasema polepole, "hapa si kwetu." Nikasema kwa sauti, "Nipewe maikrofoni na mimi." Yule kijana akajibu kwa heshima nyingi kwamba wazee watapewa nafasi baadaye, na baadaye ikawa ni sahani za pilau. Basi kwa kuwa kule sikupewa nafasi, naisema hapa. Mimi nasema na Wanja anaandika, kwa maana mimi sioni. Sioni kwa sababu ya Japhet Kaaria. Marafiki zangu wawili, Mutwiri na Gitonga, wako chini ya udongo tangu tukiwa na miaka ishirini na mbili, kwa sababu yake. Hiyo ndiyo sinema aliyoleta Meru.

Mwaka ule tulikuwa vijana wanne katika chumba kimoja Kinoru, upande wa nyuma wa uwanja. Chumba cha mabati, sakafu ya udongo uliopigwa, na kuta tulizibandika magazeti ili upepo usipite kwenye matundu ya misumari. Mimi niliachia shule darasa la sita, na nilijifunza kusoma vizuri kwenye ukuta ule kuliko mbele ya mwalimu yeyote. Mpaka leo nakumbuka tangazo la mbolea lililokuwa juu ya kichwa changu, mwanamke ameshika kabichi kubwa kuliko mtoto wake. Kazi yetu ilikuwa kupakia ndizi. Lori linakuja, mnatandika majani makavu chini, mnapanga mikungu, majani tena kati ya mkungu na mkungu, zisigusane, kwa sababu ndizi ikichubuka Meru inafika Nairobi nyeusi, na mwenye lori anarudi kukutafuta wewe. Utomvu ulitushika mabegani ukawa mweusi kama lami na hakuna sabuni iliyoutoa. Hata ukivaa shati safi ukaenda kanisani, wasichana walikujua. Jioni tulipika ugali kwenye sufuria moja, tukaula na mboga moja, tukasema maneno mengi ya upuzi. Nasema ukweli, sijawahi kuwa na mwaka mzuri kama miezi saba ya kwanza ya mwaka ule, na hilo linanikasirisha kuliko mengine yote.

Kuna jambo moja lazima nilieleze, kwa maana bila hilo mtu atauliza kwa nini watu wazima hawakutumia akili zao. Sisi wanne tulitoka kijiji kimoja na tulitahiriwa siku moja, Desemba moja, mmoja baada ya mwingine, tukapona katika nyumba moja. Asiyepitia hilo hawezi kujua linavyofunga watu. Wengine wakishapona kila mtu hushika njia yake. Sisi tulitoka na kanuni yetu, tuliyoitunga wenyewe tukiwa bado tunatembea miguu imepanuka. Mutwiri alikatwa wa kwanza, Muthomi wa pili, Gitonga wa tatu, mimi Kirimi wa nne. Basi kila kitu kilifuata mstari huo. Mutwiri ndiye aliyechagua upande wa kitanda, ule wa ukutani usio na baridi. Nyama ikiwekwa mezani, mkono wake unatangulia. Tukibishana, kila mtu anasema lake, halafu Mutwiri anasema, na akishasema imekwisha. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na kicheko kikubwa na hakuwahi kumwacha mtu alale njaa. Lakini hakuwa na akili kunishinda, na hakuwa na nguvu kumshinda Muthomi, na Gitonga alimshinda kwa masomo. Alikuwa tu mbele. Na unajua mimi nilikuwa wa nne kwa nini? Asubuhi ile njiani nilibaki nyuma kwenda haja kichakani. Nilipofika, wenzangu walikuwa wameshapanga foleni. Kwa ajili ya haja ya asubuhi moja nikawa mdogo wao, na tulikuwa tunalicheka jambo hilo kila wiki.

Mwezi wa nane wageni wakaja kutoka Nairobi na filamu kumi na mbili kwenye masanduku ya bati, na mashine mbili za kuonyeshea, na karatasi ya kijani yenye orodha. Walisema ni tamasha la filamu. Ukumbi wa kwanza ulikuwa wa kanisa moja, madirisha wakayaziba kwa blanketi. Wa pili ulikuwa wa Kaaria. Kaaria alikuwa na ghala la kuuza pombe kwa jumla, na juu ya ghala alikuwa na chumba kirefu cha kukodishia harusi. Hicho chumba alikitoa bure, na mji mzima ukasema huyu mtu ana roho safi. Sisi tuliitwa kubeba mabenchi, na shukrani yetu ikawa kadi, kila mtu yake, yenye visanduku vitatu. Kisanduku kimoja, filamu moja; mlangoni wanakigonga muhuri. Filamu kumi na mbili, na wewe una tatu. Sisi sinema yetu ilikuwa ni ile ya video kibandani, runinga ndogo kama kreti ya soda, watu arobaini wanaichungulia. Kwa hivyo ile karatasi ya kijani tuliisoma kuliko tulivyowahi kusoma kitu chochote.

Tulichagua tukiwa kwa Mama Kendi, hoteli yake ya mbao iliyokuwa nyuma ya soko, chapati na maharagwe, moshi umejaa mpaka unaona mtu nusu. Gitonga ndiye aliyesoma, kwa sababu alifika kidato cha pili. "Namba tatu," akasema. "Mapenzi ya binti tajiri na mtumishi wao. Dakika mia moja na sabini. Nyimbo kumi na moja."

"Hiyo ni ya Kihindi," Muthomi akasema. "Hiyo hata usiulize. Mia na sabini, mtu anatoka ameshiba."

"Mnachagua filamu kama ndizi," nikawaambia. "Kwa uzito."

"Na wewe unachagua kwa nini, kwa harufu?"

"Namba tano," Gitonga akaendelea. "Mwalimu anapelekwa kijiji cha mbali, wanafunzi wanamkataa."

Mutwiri akacheka mpaka akakohoa. "Mwalimu nilimtoroka na miguu yangu mwenyewe. Sasa nikamtazame kwa kadi?"

"Chagueni yenye mtu anaoa," Mama Kendi akasema kutoka jikoni, "mjifunze. Mtazeekea kwenye lori hilo."

"Mama, sisi tuletee chapati, ushauri tunao," Mutwiri akamjibu, na yeye akamrushia kitambaa cha kupangusia meza.

Hivyo ndivyo ilivyokwenda. Ya kwanza tukakubaliana, karate. Ya pili ya Kihindi, kwa sababu ya zile dakika. Na ya tatu mimi niliomba. Sikuwahi kuomba kitu, kwa hivyo wakanyamaza kunisikiliza. Ilikuwa namba tisa. Kwenye karatasi ilikuwa na picha ndogo, mzee amesimama juu ya bonde, kamba ameiuma kwa meno, na maelezo yake yalisema anajenga daraja la kamba peke yake baada ya mto kumchukua mwanawe. Kwetu kuna mto ambao kila masika unabeba daraja la magogo, na mimi niliuvuka kila siku kwenda shule nikiwa na hofu tumboni. Nilitaka kuona mtu akilifanya lile daraja. Hakuna sababu nyingine. Mutwiri akanitazama, akasema, "Sawa. Ya tatu ni ya Kirimi. Jumamosi tunaenda kutazama mzee na kamba zake." Nilifurahi kama mtoto. Niliilaza ile karatasi chini ya godoro.

Siku ya Jumatano karate, tukaipenda mpaka Gitonga akavunja mguu wa kiti akijaribu. Alhamisi ya Kihindi, na Muthomi akalia, na akatuapia kwamba ni moshi wa mashine. Alhamisi hiyohiyo tukitoka tukakuta kitambaa kimetundikwa kwenye ghala la Kaaria, kimeandikwa kwa rangi nyekundu: Jumamosi saa nane mchana, filamu ya vita, na kila mwenye kadi atapewa kinywaji kipya bure. Saa nane mchana ndiyo ilikuwa saa ya filamu yangu, kule ukumbi wa kanisa. Nilimwona Mutwiri akikisoma kile kitambaa. Midomo yake ilisonga polepole, herufi kwa herufi, na nikajua nimeshindwa.

Ijumaa asubuhi niliitwa peke yangu kwa Kaaria kuongeza mabenchi. Niliyapitisha ngazi ya nyuma, kando ya stoo. Mlango wa stoo ulikuwa wazi kidogo na ndani walikuwa watu wawili, Kaaria mwenyewe na Festus Gikunda, msimamizi wake. Niliweka benchi chini nipumzike bega. Sikuwa napeleleza, nilikuwa napumua. Festus akasema, "Mzee, hii ya jerikeni la bluu inanichoma macho hata sijaifungua vizuri."

"Tia maji. Na sukari ya kuungua, ipate rangi."

"Yule mtu wa Embu alisema hii ni ya mafundi. Ya kupaka mbao."

"Alisema, alisema. Wewe nimekuajiri mimi ama mtu wa Embu?"

Nikasikia Festus akiburuta jerikeni. Halafu akasema, "Na mtu akilalamika?"

"Nani atalalamika? Ni vijana wa kupakia ndizi," Kaaria akasema. "Hao wamezoea kunywa vibaya kuliko hii."

Nayarudia maneno hayo kila siku ya Mungu. Ningeweza kukuonyesha mahali neno "hao" lilipanda na mahali lilishuka. Niliinua benchi langu, nikapanda ngazi, nikalipanga kwenye mstari vizuri, kwa sababu nilikuwa mtu wa kazi safi.

Saa saba tukawa kwa Mama Kendi, na Mutwiri akasema lile nililojua atasema. "Tumebadilisha. Kesho tunaenda ya vita. Kirimi, usiniangalie hivyo, daraja litakuwepo tu, na chupa ya bure haitakuwepo."

Nikawaambia, "Hiyo chupa msiitake. Nimemsikia Festus asubuhi akisema inachoma macho."

"Pombe isiyochoma inaitwa uji," Mutwiri akasema.

"Sikiliza. Nilikuwa kwenye ngazi. Kaaria alimwambia atie maji, kwa sababu ni ya..."

"Ni ya kutufanya twende tukatazame mzee akiuma kamba," Gitonga akamalizia. Wakacheka. Mama Kendi akacheka. Meza ya pili, watu ambao hata hawakujua habari, wakacheka. "Kirimi, wewe ungesimama udiwani," Gitonga akaendelea, machozi yakimtoka. "Ukishindwa kura unasema chakula cha mkutano kina sumu."

Neno lilikuwa hapa, mdomoni. Ya kupaka mbao. Maneno matatu. Lakini nilikuwa nimeshaomba ile filamu, nilikuwa nimeibembeleza, na kila nililosema sasa lilikuwa na harufu ya kuibembeleza. Niliona kwamba nikiendelea nitakuwa mtu anayezua uongo kwa ajili ya sinema, na wa nne tena. Nikaona aibu. Nikachukua chapati nikala. Hilo ndilo nililofanya, na Wanja ameacha kuandika ananitazama, lakini mama, andika. Nikala chapati.

Muthomi ndiye pekee ambaye hakucheka. Akasema, "Mimi kesho nina shughuli."

"Shughuli gani?" Mutwiri akamuuliza.

"Yangu."

"Haya. Wa pili ana shughuli zake siku hizi." Mutwiri alikasirika, maana hakuna aliyewahi kuivunja kanuni, na hawakusemezana tena siku hiyo. Mimi pia nilimkasirikia. Nilijua anakokwenda. Nilijua amepiga hesabu kwamba chupa haimhusu na anakwenda kuona filamu yangu, ile ambayo mimi mwenyewe nimeikosa kwa kutii.

Jumamosi Festus alisimama juu ya ngazi na kreti. "Kadi. Haya. Shika." Kadi, muhuri, kichupa. Cha plastiki, kifuniko chekundu, hakina karatasi. Nilimtazama usoni na yeye alitazama kadi yangu. Ndani palikuwa na joto, mapazia yamefungwa, na tulikaa kwenye benchi ambalo mimi mwenyewe nilikuwa nimelibeba. Mutwiri akafungua chake akanywa, akakunja uso. "Inachoma kweli," akasema. "Kirimi hakudanganya." Akacheka, akampa Gitonga ishara, Gitonga akanywa. Halafu wote wawili wakanigeukia, na Mutwiri akasema, "Wa nne." Nikanywa. Ilikuwa chungu na tamu pamoja, na ilinipanda puani. Nilifika nusu nikaishusha. "Lete hapa, unaipoteza," Mutwiri akasema, akaimaliza yeye. Na filamu yenyewe sikuitazama. Nilikuwa nimenuna. Siku yangu ya mwisho ya macho, mbele yangu kuna kitambaa kikubwa kama ukuta wa nyumba chenye rangi zote za dunia, nami nikaitumia kutazama vidole vya miguu yangu. Niliinua kichwa mara moja, nikaona askari ananyoa ndevu kwenye kioo cha lori, nikarudi kwenye vidole. Mtu akiniuliza namchukia Kaaria kwa nini, nitaanzia hapo.

Jumapili nilipoamka nilidhani ukungu wa mlima umeingia chumbani. Kila kitu kilikuwa cheupe, cheupe cha maziwa. Kichwa kiliniuma na tumbo lilinikata. Kwenye kitanda cha ukutani Mutwiri alikuwa anavuta pumzi kwa nguvu kama mtu anayepanda mlima na mkungu begani. Gitonga alikuwa mlangoni anatapika, nikamsikia akiuliza, "Nani amezima taa?" Mlango ulikuwa wazi. Nilihisi jua kwenye miguu yangu. Sikumjibu, kwa sababu nilikuwa nataka kumuuliza swali hilohilo.

Muthomi hakuwa amelala kwetu. Alikuja watu wakitoka kanisani, akatukuta. Alitusukuma hospitali kwa mkokoteni wa ndizi, kwanza Mutwiri, akarudi akatuchukua sisi wawili pamoja, nami nasikia anavyolia na kutukana watu wapishe njia. Mutwiri alikufa kabla ya jioni. Gitonga alifika Jumanne naye akafa, mpaka mwisho akiniambia tukipona atanipeleka nikaone daraja langu hata kama ni Nairobi. Mimi nilikunywa nusu, kwa hivyo nikabaki nusu. Muuguzi mmoja alikaa nami akanishika mkono, akaniuliza, "Mlikunywa wapi, ndugu yangu?" Nikamwambia. Niliwaambia wote. Kaaria, ghala lake, jerikeni la bluu, Festus, ya kupaka mbao. Sasa maneno yalitoka bila shida.

Na hapa ndipo nataka msomaji asikilize vizuri. Jina la kwanza ni Japhet Kaaria, aliyejua. La pili ni Festus Gikunda, aliyejua na kuuliza na kunyamaza, na baadaye akasimama mbele ya watu akasema sisi tulikuja tumelewa tayari na pombe ya mtaani. Bado yuko hai. Ana duka la mbegu, na watu wanamwita mzee wa kanisa. La tatu ni chifu wa wakati huo, M'Itonga, aliyekuja Jumatatu akachukua vichupa vilivyobaki kwenye gunia, akasema ni ushahidi, na gunia hilo halikuonekana tena mahali popote, hata kwa mtu aliyelitafuta. Kuna wengine walikufa kutoka ukumbi ule, na wengine wanapapasa ukuta kama mimi. Wale wageni wa Nairobi walifunga masanduku yao Jumapili wakaondoka. Nao hawakuandika hata barua. Kaaria alituma kwa kila nyumba yenye msiba blanketi moja na mfuko wa sukari. Mama yake Mutwiri aliipokea ile sukari. Simlaumu, watu walikuwa wengi na chai ilihitajika. Lakini nilipoambiwa pale matangani, niliomba nitolewe nje, na nikakaa kwenye mvua mpaka nikalowa.

Mwezi wa kumi na moja nikapelekwa Embu, mahali walipokuwa wanafundisha watu wasioona kutengeneza brashi za katani. Huko ndiko nilikokaa, huko ndiko nilikomwoa Wanja, na mambo hayo mengine si ya mwaka huu ninaousimulia. La mwaka huu ni hasira niliyokwenda nayo. Kaaria nilimchukia, ndiyo, lakini mtu mkubwa wa mbali humchukii kila saa. Wa kila saa alikuwa Muthomi. Alikuja Embu mara mbili miaka ile ya kwanza, nikasema aambiwe nimelala. Aliona filamu yangu. Alikaa kwenye ukumbi wa kanisa na macho yake mawili akatazama lile daraja likisukwa, kamba kwa kamba, wakati sisi tunakunywa vanishi ya mbao. Hivyo ndivyo nilivyoiweka kichwani, na miaka ishirini na zaidi sikuitoa.

Wiki mbili baada ya matanga akaja tena. Nilisikia gari kubwa likizimwa barabarani, halafu salamu ya kwetu mlangoni. "Muga, Kirimi." Sauti imekuwa nzito, lakini ni yeye. Wanja akamkaribisha kabla sijasema lolote, akamwekea chai. Akasema lori lililo nje ni lake mwenyewe sasa, anabeba ndizi. Akasema alikuwa kwenye matanga, safu za nyuma, na aliniona nikisimama.

"Na wewe hukusimama," nikasema.

"Sikusimama."

"Umezoea."

Nikamsikia akinywa chai. Basi nikamuuliza lile nililolibeba. "Filamu ilikuwaje?"

"Filamu gani?"

"Usinichezee. Ya Jumamosi. Ya daraja."

"Sikuingia filamu yoyote Jumamosi," Muthomi akasema. "Kadi yangu ilibaki na kisanduku kimoja. Nilizunguka sokoni mpaka jioni, nikaenda kulala kwa binamu yangu."

"Kwa hivyo shughuli yako ilikuwa nini?"

"Sikuwa na shughuli." Akaweka kikombe. "Nilikuona uso kwa Mama Kendi. Gitonga alipokukata neno. Wewe hujui kudanganya, Kirimi, hujawahi kujua. Nikajua umesikia kitu kibaya. Nilikuamini."

Wanja aliacha alichokuwa anafanya. "Uliniamini," nikasema. "Uliniamini, ukainuka ukaenda zako. Ungesema neno moja. Wewe si wa nne. Wewe wangekusikiliza."

"Wa pili angempinga wa kwanza mbele ya watu? Wewe ungefanya hivyo?" akaniuliza. "Nimekubali, mimi niliamini nikanyamaza. Nalala nalo. Lakini wewe hukuambiwa na uso wa mtu. Wewe ulisikia kwa masikio yako, jerikeni na fundi na kila kitu. Na ulikunywa. Miaka yote hii nataka kukuuliza. Kwa nini ulikunywa?"

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hilo. Si hospitalini, si polisi, si Wanja. Nilimtukana. Nilimtukana kwa Kimeru, matusi ya kwetu ambayo Wanja, kwa kuwa ni wa Embu, anayaelewa nusu, na hiyo nusu ilitosha akaniambia, "Baba Makena, basi." Nikamwambia Muthomi atoke nyumbani kwangu na asirudi. Nikasikia kiti kinalia kwenye saruji, nikageuza uso upande wa mlango nisikie akiondoka. Viatu havikwenda mlangoni. Alikuwa amekivuta kiti mpaka magoti yake yakagusa yangu, akakaa hapo, akisubiri jibu.